Msonyo na Kidevu cha Mgiriki

Rafiki yangu mmoja anauza nguo Kariakoo, na mara mbili tatu kwa mwaka hupanda ndege kwenda Istanbul kufuata mzigo. Safari ya kwanza nusura arudi mikono mitupu kwa sababu ya kidevu. Aliingia duka la jumla pale Laleli, akachagua magauni, akaomba apunguziwe bei kwa lugha ya vidole na kikokotoo. Muuzaji, kijana mpole tu, akainua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akatoa mlio kwenye meno: nts. "Kanisonya!" aliniambia aliporudi, hasira bado mbichi. "Mimi, mteja, dola zangu mkononi!" Aliyaacha magauni juu ya meza, akatoka.

Kijana wa watu alikuwa amesema "hapana". Kwa Waturuki, na kwa majirani zao Wagiriki, nyusi na kidevu kwenda juu ni kukataa, na ule mlio wa ulimi ni wa kutilia mkazo. Hauna dharau ndani yake, kama vile sisi tunavyosema "aa" kwa mtoto anayetaka kushika kisu.

Walimu wa semina hupenda kutuambia kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia saba tu. Hesabu hiyo imenyofolewa kwenye majaribio aliyoyachapisha mwanasaikolojia Albert Mehrabian mwaka 1967, ambayo yalihusu jinsi mtu anavyotambua kama anapendwa au anachukiwa, na mwenyewe amekwisha kuonya kwamba haihusu mazungumzo yote. Ingekuwa kweli, rafiki yangu angemwelewa Mturuki wake kwa asilimia 93 na biashara ingefanyika. Mwili nao una lugha zake, na lugha hufunzwa.

Tuutazame msonyo wenyewe. Midomo inabanwa, au inaachia upenyo mdogo pembeni. Ulimi unagandamizwa kwenye meno. Hewa inavutwa ndani. Wengine huita kufyonya. Msonyo mfupi mtu hujisonya mwenyewe: umesahau funguo, daladala imekupita. Mrefu, ukisindikizwa na jicho linalomkata mtu kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, huo ni kesi. Nimeona sokoni muuza samaki akimmaliza mteja aliyetaja bei ya kitoto bila kufungua mdomo: aliukunja uso, akamsonya taratibu mpaka pumzi ikaisha, kisha akageuka kuwafukuza nzi.

Mwaka 1976 John na Angela Rickford walichapisha utafiti juu ya mambo haya mawili, msonyo na jicho. John ni mwanaisimu mzaliwa wa Guyana. Waliwauliza watu wa Guyana na Jamaika, Wamarekani weusi na weupe, na Waafrika. Weusi wa pande zote mbili za bahari waliyajua mara moja; Wamarekani weupe wengi walibaki kutazamana. Kule Guyana, kwa Kiingereza chao, husema mtu "amemkata mwenzake jicho". Maneno ni ya Kiingereza, lakini Mwingereza wa London hasemi hivyo. Mtu wa Tanga atadhani ametafsiriwa yeye. Wahausa wana neno lao la msonyo, tsaki; Trinidad wanasema steups. Waliopelekwa Karibi utumwani walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na Kongo, kwa hiyo tusijidai sisi ndio tuliousafirisha. Ni wa ukoo mzima.

Jambo linalofanana na hili lipo Italia. Mwaka 1832 padri mmoja wa Napoli, Andrea de Jorio, alitoa kitabu akidai kwamba ishara za mikono za watu wa mitaani kwake zingeweza kufafanua zile zilizochorwa kwenye vyungu vya kale. Mwaka 1979 mwanazuolojia Desmond Morris na wenzake wakaja na ushahidi wa aina nyingine kwamba ishara hudumu. Roma mtu akikataa hutikisa kichwa. Napoli hurusha kidevu juu, kama Mgiriki. Mpaka kati ya desturi hizo waliukuta kwenye milima ya Massico, kaskazini ya Napoli, na kwa maoni yao unafuata ukomo wa makazi ya Wagiriki wa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Lugha ya Kigiriki ilikwisha kuondoka midomoni. Kidevu kilibaki.

Ila Wagiriki walifika Napoli kama wenye mji, na kidevu chao hurushwa hadharani, bila woga. Msonyo ulisafiri kwenye matumbo ya meli, na nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Nilipokuwa na miaka tisa hivi shangazi alinituma dukani kwa mara ya tatu asubuhi moja. Nikageuka, na mlangoni nikasonya, mdogo sana.

"Rudi hapa. Umesemaje?"

"Sijasema kitu, shangazi."

Na kweli sikuwa nimesema kitu. Msonyo ni silaha ya asiyeruhusiwa kujibu, kwa sababu unaweza kuukana. Shangazi aliujua ujanja huo kuliko mimi, nikapata kofi lililokuwa na maneno yote. Wazazi wa Karibi nao hawavumilii kusonywa na mtoto. Mwaka 2015 hata Ufaransa zilikuwepo shule zilizoupiga marufuku, kule vijana wakiuita tchip. Walimu walikuwa wameng'amua kwamba wanatukanwa bila kutukanwa.

Siku hizi vijana wetu wameupatia tahajia: mxiuuu. Alfabeti yetu haina x. Wameiazima, na urefu wa msonyo hupimwa kwa idadi ya u. Rafiki yangu sasa ni mteja mkubwa wa yule kijana wa Laleli, na akikataa bei huinua kidevu kama mzaliwa wa huko. Juzi mzigo wake ulikwama bandarini wiki ya pili. Akanitumia ujumbe wa neno moja. Nilihesabu u kumi na moja, nikaona nisimpigie kwanza.