Karani Aliyeuliza Kabila Unguja

Mwaka 1924 serikali ya Mwingereza ilipohesabu watu Unguja na Pemba, waliojiandikisha kuwa Waswahili walizidi 30,000. Ikaja sensa ya 1931, Waswahili wakabaki kama 2,000 tu. Hakukuwa na tauni iliyowafagia, wala hawakupakia majahazi wakahama. Walikuwa majumbani mwao vilevile, mtaani Ng'ambo mjini na mashamba, wakisema Kiswahili chao. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani alipowauliza kabila.

Anayetaka kuelewa damu iliyomwagika Juni 1961 na tena Januari 1964 aanzie kwa karani huyo. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyeleta uhasama visiwani. Uhasama ulikuwepo kabla hajazaliwa, na ulikuwa na sababu zake.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskat katika karne ya 19, mikarafuu ilikuwa imeshaanza kuota. Wenye mashamba wakataka mikono, na mikono ikaletwa kutoka bara, imefungwa minyororo. Ardhi nzuri ya magharibi ikawa ya mikarafuu, Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, wakabaki na uwanda wa mawe wa kusini na mashariki, na mtawala wao, Mwinyi Mkuu wa Dunga, akabakiwa na heshima bila enzi. Hata lugha ikageuka. Zamani mtu mwenye adabu, nyumba ya mawe na elimu ya dini alisifiwa kwa uungwana. Katika karne hiyo neno likawa ustaarabu, yaani kuwa kama Mwarabu. Tunalitumia mpaka leo, wala hatushtuki.

Hata hivyo ngazi ile ilikuwa na vidato, na watu walipanda na kushuka. Mtoto aliyezaliwa na suria alifuata nasaba ya baba yake. Majid na Barghash, waliotawala mmoja baada ya mwingine baada ya Seyyid Said, wote wawili mama zao walikuwa masuria. Mtumwa aliyeachwa huru aliweza kununua kanzu, akajifunza Kurani, akahamia mtaa mwingine, na wajukuu zake wakawa na jina jingine. Ilikuwa dhuluma, lakini kabila la mtu lilikuwa jambo la kuzungumzika, hasa mwenye kuzungumza akiwa na shamba.

Mwingereza alipotangaza himaya yake mwaka 1890 alikuta mchanganyiko huo, na haukumpendeza. Mtawala wa mbali hupenda vitu vyenye majina. Akaamua kwamba hii ni dola ya Kiarabu. Uamuzi huo ulikuwa na faida kwake: dola ya Kiarabu ina sultani, na sultani akiwekwa vizuri gharama za kutawala hupungua. Khalid bin Barghash alipojitwalia kiti bila ruhusa, tarehe 27 Agosti 1896 manowari zilipiga jumba lake, na vita vikamalizika hata saa moja haijatimu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na shaka nani mwenye nchi. Jina la Kiarabu tu ndilo lililobaki mlangoni, na Waarabu wachache wakapewa vyeo vya umudir na viti vya heshima ili jina hilo lisionekane tupu.

Amri ya kuwaacha huru watumwa ilitoka 1897, na fidia ikatengwa kwa mabwana. Aliyeachwa huru hakupewa ardhi. Wengi walibaki palepale chini ya mikarafuu, wakapanda mihogo yao na kumpalilia mwenye shamba, kwa maelewano ya mdomo ambayo hayakuandikwa popote. Kutoka bara nako wakaja Wanyamwezi, Wazaramo na Wamakonde kutafuta kazi, wakaishi vivyo hivyo. Wale walioacha utumwa walijiita Waswahili, jina la staha kwa wakati ule. Na kwa sababu wao walilichukua, wengine wakaanza kulikimbia. Ndiyo siri ya ile sensa ya 1931. Waliohama jina hilo walikwenda kuitwa Wahadimu, Watumbatu, na wengi zaidi Washirazi, watu wa asili ya Uajemi. Msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107, husimama kama shahidi wa madai hayo. Kama kweli babu zao walitoka Shiraz ni mjadala wa wanahistoria. La muhimu ni kwamba Mshirazi hakuwa Mwarabu, wala hakuwa mtu wa bara, wala hakuwa mtoto wa mtumwa, na katika nchi ile ya makaratasi hiyo ilikuwa mali.

Kwa nini ilikuwa mali? Kwa sababu kila kitu kilianza kugawiwa kwa kabila. Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa 1926, raia walioteuliwa kuingia humo walikuwa Waarabu 3, Wahindi 2 na Mzungu 1. Mwafrika hakupata kiti hadi 1946. Ukitaka kusikika serikalini ulihitaji chama cha kabila lako, kwa hiyo kila kabila likatafuta chama: Jumuiya ya Waarabu, ya Wahindi, ya Wangazija, African Association ya 1934, na Shirazi Association iliyoanzia Pemba mwishoni mwa muongo huo. Asiyekuwa na kabila la kuandikika hakuwa na mlango wa kubisha hodi.

Vichekesho navyo havikukosekana. Mwaka 1934 serikali iliogopa kwamba wenye mashamba waliozama katika madeni wangenyang'anywa ardhi na wafanyabiashara wa Kihindi. Ikatunga sheria ya kuzuia, na ndani yake Mwarabu na Mwafrika wakawekwa kapu moja kama watu wa kulindwa. Bwana wa shamba na mjukuu wa mtumwa wake, kwa sheria ile, walikuwa kitu kimoja. Katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa watu wawili tofauti. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili, Wajapani wakaiteka Burma mwaka 1942, na mchele uliozoeleka bandarini ukakatika. Chakula kikagawiwa kwa kadi, na kadi ziliangalia kabila: aliyeandikwa Mwasia au Mwarabu alikuwa na haki ya mchele ambayo aliyeandikwa Mwafrika hakuwa nayo, yeye akaelekezwa kwenye nafaka nyingine. Majirani wawili waliosali msikiti mmoja, wakioana na kuzikana, walirudi kutoka dukani na vikapu tofauti. Mambo ya nasaba ambayo zamani yalisemwa barazani kwa mafumbo sasa yalikuwa yamefika jikoni.

Hapa ndipo wengi wetu tunapotaka kusimama, tumkabidhi Mwingereza faili lote na kwenda zetu. Haitoshi. Karani alitoa masanduku, ila waliojaza maneno ndani yake walikuwa wenyeji, tena wasomi: walimu, wahariri wa magazeti, wanasiasa waliosoma Makerere na Cairo. Magazeti kama Al-Falaq, Mwongozi na Afrika Kwetu yalibishana miaka nenda miaka rudi nani mwenye nchi, nani mgeni, babu wa nani aliuza babu wa nani. Lugha ya ukombozi ilizaliwa humo humo, ikiwa na pacha wake mgongoni, lugha ya ubaguzi.

Chukua chama cha Hizbu. Julai 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, waliokwishapoteza ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao kudungwa sindano. Walipokamatwa na kufungwa, wenzao walijaribu kuwatoa kwa nguvu, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Visiwani mkasa huo unaitwa Vita vya Ng'ombe. Kutoka kwa wakulima hao kilizaliwa chama cha raia wa Sultani, na vijana wa Kiarabu wenye elimu, Ali Muhsin Barwani akiwa kinara, wakakiingia na kukigeuza Zanzibar Nationalist Party, ndiyo Hizbu, mwaka 1955. Kilidai uhuru mapema kuliko wengine na kura moja kwa watu wote bila kujali kabila. Jambo la haki kabisa. Lakini Mzanzibari wao alikuwa raia wa Sultani, na mpalilia mashamba aliyetoka Tabora, hata kama alikuwa na miaka 20 pale, aliambiwa ni mgeni.

Upande wa pili, Februari 1957 African Association ya Abeid Karume na Washirazi wa Unguja wakaungana, ndipo ilipotoka Afro-Shirazi Party. Hiki kilikuwa chama cha wengi na cha wanyonge, na malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Ila Mzanzibari wake alikuwa Mwafrika, na Mwarabu ambaye babu wa babu yake alizikwa Unguja aliambiwa arudi Manga, yaani Uarabuni. Vyama viwili, kila kimoja kikimtoa nje mtu wa mwenzake, na vyote vikitumia majina yale yale ya kwenye kadi za mchele.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Karume alimshinda Ali Muhsin Ng'ambo kwa kura zaidi ya mara tatu, na Hizbu haikupata hata kiti. Yaliyofuata wazee wa Unguja huyaita zama za siasa, na wakiyasimulia sauti hushuka. Wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliokaa chini ya mikarafuu yao, mihogo ikang'olewa. Yale maelewano ya mdomo hayakuwa na karatasi ya kuyatetea. Wafuasi wa Afro-Shirazi wakagomea maduka ya Waarabu na mabasi yao. Watu wakaacha kuzikana. Kwa Mswahili hakuna baya zaidi ya hilo: kuugua usitazamwe, kufa usichukuliwe jeneza lako.

Katika uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte, kilichojitenga na Afro-Shirazi mwishoni mwa 1959, kikapata 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Wawili wa ZPPP wakaenda Hizbu, mmoja akaenda Afro-Shirazi: 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni mosi. Asubuhi ile ngumi zilianza vituoni mjini kwa shutuma za kupiga kura mara mbili, na katika siku zilizofuata ghasia zikahamia mashamba. Waliouawa walikuwa 68, karibu wote Waarabu, wengi wao Wamanga, wenye viduka vya chumvi na mafuta ya taa vijijini, waliofika kutoka Omani juzijuzi na hawakuwa na mkarafuu hata mmoja. Hasira ya miaka 100 ya mashamba ilimwangukia muuza viberiti. Karani alikuwa amewaandika yeye na bwana wa shamba kwa jina moja.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Hizbu na ZPPP, kwa viti 18, wakaunda serikali. Mipaka ya majimbo na kanuni ya mshindi kuchukua vyote aliiacha Mwingereza, akashusha bendera yake tarehe 10 Desemba 1963 na kuondoka. Siku 33 baadaye, alfajiri ya Januari 12, serikali ilipinduliwa. Miongoni mwa waliotangulia mbele alikuwa John Okello, mtu wa Lango kutoka Uganda. Waliouawa wiki zile ni maelfu, na hesabu yao haijawahi kukubaliwa na pande zote. Aprili 26 Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

Waliokimbia wengi waliishia Omani, hasa baada ya Sultan Qaboos kuingia madarakani 1970 na kuwaita wenye asili ya huko warudi. Unguja waliitwa Waarabu. Maskat walipofika na Kiswahili chao, biriani yao na taarabu yao, wenyeji wakawaita Wazinjibari.

Na visiwani? Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, majina ya zamani yalifufuka kama hayakuwahi kuzikwa. Mtu wa upinzani akaitwa Hizbu, hata aliyezaliwa miaka kumi baada ya Hizbu kupigwa marufuku. Upemba na Uunguja vikawekwa mahali palipokuwa na Uarabu na Uafrika. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa upinzani, na Wapemba zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania ikawa, kwa mara ya kwanza, nchi inayotoa wakimbizi. Maridhiano ya Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Seif Sharif Hamad, yalifuata mwishoni mwa 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikayaidhinisha kwa theluthi mbili ya kura. Yametikisika mara kadhaa tangu hapo, lakini watu wamerudi kuzikana.

Mara ya mwisho karani wa sensa Tanzania kumuuliza mtu kabila lake ilikuwa mwaka 1967.