Augustin Bubník: kutoka mgodi wa urani mpaka ukocha wa timu ya Ufini

Leo nawaletea historia ya mtu aliyecheza mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho: hoki ya barafu. Msiniache mapema. Historia hii inapita karibu na kwetu kuliko mnavyofikiri.

Kwanza mchezo wenyewe. Uwanja ni barafu. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza kwa mbio, na kila mmoja ana fimbo iliyopinda. Hawapigi mpira wa duara bali kisahani kigumu cheusi. Kila upande unaingiza watu 6, kipa akiwa mmoja wao. Kugongana kunaruhusiwa. Ni mchezo wa inchi za baridi, kama Kanada, Urusi, Uswidi na ile iliyoitwa Chekoslovakia.

Huko Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia, alizaliwa Augustin Bubník mwaka wa 1928. Alikuwa mshambuliaji wa klabu ya LTC Praha, timu kali kuliko zote za inchi ile. Akiwa na miaka 19 tu alikwenda kwenye Olimpiki ya 1948 kule St. Moritz, Uswisi. Chekoslovakia ilitoka sare ya 0-0 na Kanada, na medali ya dhahabu ikaenda Kanada kwa tofauti ya magoli. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia mjini Stockholm, waliifunga Kanada 3-2 wakawa mabingwa wa dunia.

Lakini katikati ya ushindi huo mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Februari 1948 chama cha kikomunisti kilichukua utawala wote. Novemba mwaka huo ndege iliyobeba wachezaji 6 wa timu ya taifa ilipotea juu ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, na wote 6 wakafa. Mwezi uliofuata LTC Praha ilikuwa Davos, Uswisi, na hapo wachezaji wakakaa kujadili jambo moja: turudi nyumbani au tubaki huku?

Familia yoyote iliyowahi kukimbia inajua mjadala wa namna hiyo. Huyu anasema twende, yule anauliza wazee tutamwachia nani, mwingine ananyamaza kwa sababu ana mke na mtoto kule. Mwishoni wawili wakabaki Uswisi. Wengine wote wakapanda gari kurudi, na Bubník alikuwa kati yao. Mwenzao mmoja wa Olimpiki, Jaroslav Drobný, ambaye alicheza pia tenisi, alitoroka mwaka wa 1949. Inchi iliyompa uraia ilikuwa Misri, hapa Afrika, na kwa uraia huo alishinda Wimbledon mwaka wa 1954. Yeye aliondoka, na hao waliorudi tutaona yaliyowapata.

Machi 1950 mabingwa hao walikuwa wasafiri kwenda London kutetea kombe lao. Mizigo ilikuwa tayari, lakini safari ikazuiliwa. Walielezwa kwamba waandishi wa redio waliotakiwa kwenda nao hawakupata viza. Tarehe 13 Machi wachezaji wakakutana katika baa moja ya Praha, wakiwa na hasira, wakanywa, wakaisema serikali kwa sauti. Polisi wa siri walikuwa hapo hapo. Wakakamatwa.

Kosa la ulevi na maneno likageuzwa kuwa uhaini na upelelezi. Utawala ulikuwa na hofu kwamba timu nzima ingetorokea ng’ambo, aibu mbele ya dunia. Bubník aliteswa wakati wa kuhojiwa. Oktoba 1950 mahakama ilitoa hukumu: kipa Bohumil Modrý miaka 15, Bubník miaka 14, Stanislav Konopásek miaka 12, na wengine nyuma yao. Ukijumlisha miaka ya wote inapita 70. Bubník hakuwa ametimiza hata miaka 22.

Hapa ndipo historia yao inagusa yetu. Mabingwa wa dunia walipelekwa kuchimba urani, Jáchymov. Wasomaji wa Katanga wanalijua jina la Shinkolobwe, kule upande wa Likasi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945 ilitoka hapo, chini ya Union Minière ya Wabelgiji. Mawe ya Kongo yalikuwa mikononi mwa Wamarekani na wenzao, hivyo Wasovyeti wakatafuta ya kwao, na Jáchymov ikawa moja ya sehemu walizozitegemea. Walihitajika wachimbaji wengi kwa haraka, na wafungwa walikuwa mkono wa bure. Wachimbaji wetu na wachezaji wale hawakujuana kamwe, lakini walishika jiwe la aina moja.

Bubník alitoka Januari 1955, kwa msamaha. Alikuwa amefungwa karibu miaka 5, ile miaka ambayo mwanamichezo ana nguvu zake zote. Alirudi kwenye barafu, akacheza ligi ya nyumbani, lakini timu ya taifa hawakumwita tena. Modrý naye alitoka akiwa mgonjwa, ugonjwa unaohusishwa na mgodi ule, akafa mwaka wa 1963 akiwa na miaka 46.

Mtu asiyeitwa tena kucheza anafanya nini na elimu yake? Bubník aliifundisha. Miaka ya 1960 kamba zilikuwa zimelegea kidogo Praha, na mwaka wa 1966 akapata kazi ya kuwa kocha wa timu ya taifa ya Ufini.

Ufini wa wakati ule ulikuwa mdogo katika hoki. Baridi walikuwa nayo tele, lakini jumba lao la kwanza la barafu lilifunguliwa Tampere mwaka wa 1965 tu. Dhidi ya wakubwa walizoea kufungwa. Kocha huyu alileta shule ya kwao Praha: mazoezi magumu, na kupasiana kisahani badala ya kila mmoja kukimbia nacho peke yake.

Mashindano ya dunia ya 1967 yalifanyika Vienna, Austria. Ufini ulipangwa kucheza na Chekoslovakia, timu ambayo haukuwahi kuishinda katika mashindano hayo. Bubník alisimama kwenye benchi akiangalia jezi aliyoivaa mwenyewe alipokuwa bingwa, safari hii ikiwa mbele yake kama adui wa siku hiyo. Kipa wake, Urpo Ylönen, alizuia karibu kila kitu. Ufini ukashinda 3-1. Chekoslovakia ilimaliza ya 4, ikarudi nyumbani bila medali.

Mwaka wa 1968, kwenye Olimpiki ya Grenoble, vijana wake waliifunga Kanada 5-2, na Ufini ukashika nafasi ya 5. Alibaki nao mpaka 1969. Ylönen, yule kipa, baadaye akawa kocha wa makipa. Kati ya aliowafundisha ni Miikka Kiprusoff, aliyekuja kuwa kati ya makipa bora wa Amerika Kaskazini, na tuzo ya kipa bora wa ligi ya Ufini ina jina la Ylönen hadi leo.

Bubník alirudi kwao. Baada ya utawala ule kuanguka mwaka wa 1989 aliweza kusema wazi yaliyompata, na kuanzia 1998 hadi 2002 alikuwa mbunge. Alifariki Aprili 2017 akiwa na miaka 88.

Hukumu yao ilikuwa imekwisha kufutwa tangu 1968, mwaka ule ule wa Grenoble. Modrý alikuwa kaburini miaka 5.