Kadi Haijaingizwa

Ukiwasha Vitz, IST au Noah iliyoletwa kutoka Japani, mara nyingi unasalimiwa na mwanamke usiyemjua. Sauti yake ni ya adabu, ya haraka kidogo, na kwa miaka mingi abiria wa Dar es Salaam na Nairobi wamemzulia tafsiri za kila namna: anasema funga mkanda, anasema karibu, anasema mafuta yamepungua. Jirani yangu mmoja alishikilia kwamba anamwombea dereva dua ya safari. Hasemi lolote kati ya hayo. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa.

ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama getini, ulioanza kuenea nchi nzima mwaka 2001. Kidude kilichofichwa karibu na usukani huwasiliana na geti kwa mawimbi ya redio, na ushuru hukatwa kupitia kadi ya mwenye gari. Mwenye gari wa kwanza alipouza gari lake, alichomoa kadi akaondoka nayo. Kidude kikapakiwa melini pamoja na gari. Tangu hapo kinadai kadi kwa watu ambao hawajawahi kuiona, katika barabara ambazo hazina geti lake hata moja.

Mwanamke huyu ndiye msimulizi ninayemwamini kuliko wote katika habari hii: jinsi gari lilivyoacha kuwa kitu cha kununua mara moja na mambo yakaisha, na jinsi karibu kila mtandao uliowahi kufungwa ndani yake ulivyokufa mapema kuliko injini.

Mwanzo ulikuwa anasa tupu. Mwaka 1930 Paul Galvin, mwenye kiwanda kidogo cha vifaa vya redio mjini Chicago, alikuwa akihangaika kuokoa biashara yake katika msukosuko mkubwa wa uchumi. Yeye na wenzake walifunga redio ndani ya gari lake la Studebaker, akaliendesha hadi Atlantic City ambako watengenezaji wa redio walikuwa wakikutana. Hakuwa na kibanda ndani ya ukumbi. Akaegesha nje, akafungulia sauti, wapita njia wakasimama. Redio hiyo iliitwa Motorola na iliuzwa kati ya dola 110 na 130, wakati Ford mpya ilipatikana kwa chini ya dola 700. Wapo waliotaka ipigwe marufuku kwa hofu kwamba muziki ungewalaza madereva. Lakini aliyemudu kuinunua alikuwa ameimaliza shughuli. Mawimbi yalikuwa ya hewani, hayakuwa na bili.

Bili ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis, kampuni ya Bell ilizindua simu ya ndani ya gari. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi na ilikaa kwenye buti. Mteja alilipa dola 15 kila mwezi, kisha senti 30 hadi 40 kwa kila simu ya karibu. Masafa yalikuwa machache kiasi kwamba katika mji mzima watu watatu tu ndio wangeweza kuzungumza kwa wakati mmoja; wa nne alisubiri zamu. Anayelalamika leo kwamba malipo ya mwezi ndani ya gari ni uzushi wa karne hii, amechelewa kulalamika kwa miaka 80.

Hata ile hila ya kumfungia mteja kwenye duka moja si changa. Mwaka 1956 Chrysler iliweka kisahani cha kupigia santuri chini ya dashibodi, ikakiita Highway Hi-Fi. Santuri zenyewe zilikuwa za namna ya pekee, zikizunguka mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, na zilitoka kwa Columbia peke yake. Kama mwimbaji umpendaye alirekodi kwingineko, pole. Miaka michache tu kikaachwa. Kilichofanikiwa baadaye ni kinyume chake kabisa: kanda ya kaseti ya Philips ya mwaka 1963, ambayo kampuni hiyo iliruhusu wengine waitengeneze, na ambayo mtu aliweza kujirekodia nyumbani. Mabasi yetu yaliijua vizuri. Dereva aliyekuwa na kanda tatu za dansi na moja ya taarabu alikuwa na kituo chake mwenyewe cha redio, na hakuna aliyeweza kumzimia akiwa mbali.

Wajapani walipita njia yao. Mwaka 1981 Honda ilitoa kifaa cha kuonyesha njia kabla setelaiti za GPS hazijaanza kuwahudumia raia. Kilitumia jiroskopu ya gesi ya heliamu, na ramani zake zilichapwa kwenye karatasi angavu ambazo dereva alizibadilisha kwa mkono. Mwaka 1990 Mazda Eunos Cosmo ikaja na GPS yenyewe. Mwaka 1996 serikali ikaanza kurusha taarifa za foleni moja kwa moja kwenye skrini za magari, kisha Toyota, Honda na Nissan kila moja ikaanzisha mtandao wake wa simu ndani ya dashibodi. Ni kazi ya kupendeza, na karibu yote iliandikwa kwa Kijapani, kwa ramani za Japani, kwa mawimbi ya Japani.

Mawimbi hayo ndiyo yaliyotufundisha somo la kwanza. FM ya Japani ilianza megahezi 76 ikaishia 90, huku yetu ikitoka 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari linashuka bandarini Mombasa likiwa na redio nzima isiyosikia karibu chochote. Dawa yake ni ekspanda, kisanduku kidogo kama kiberiti ambacho fundi hukichomeka kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kutoa: hupunguza masafa, tuseme kwa megahezi 20, hivi kwamba Capital FM ya Nairobi, ambayo ni 98.4, inapatikana kwenye 78.4. Dereva anajifunza kuishi na hesabu hiyo ya kutoa kichwani. Wapo wanaozikumbuka stesheni zote kwa namba hizo za uongo na hawazijui za kweli.

Marekani nayo ilikuwa ikijiandalia somo lake. General Motors ilizindua OnStar mwaka 1996, ikianza na Cadillac. Unabonyeza kitufe, binadamu anakujibu. Ukipata ajali na begi za hewa zikifumuka, gari lenyewe linapiga simu. Kwa malipo ya kila mwezi, wazee wengi walilala usingizi mzuri. Tatizo ni kwamba magari ya awali yalitumia mtandao wa simu wa analogia, na mwaka 2008 mtandao huo ukazimwa. Yale ambayo hayakuweza kubadilishiwa kifaa yalibaki na kitufe cha bluu kisichomwita mtu. Mwaka 2022 yakafuata ya 3G: AT&T iliuzima wake Februari, na huko Japani KDDI ikazima wa kwake Machi, ikaondoka na huduma ya G-BOOK ya Toyota. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Gari likitunzwa hufika miaka 20, na likivuka bahari huongezewa mingine. Kizazi cha mtandao wa simu hakikai hivyo. Anayefunga kimoja ndani ya kingine amefunga ng'ombe na kuku kwenye jembe moja.

Simu ya mkononi ikaja kuokoa, kwa sababu simu hubadilishwa. Teknolojia ya Bluetooth, iliyobuniwa Ericsson na kupewa jina la Harald, mfalme wa kale wa Denmark aliyeunganisha watu wake, iliwezesha kwanza kuzungumza bila kushika simu, baadaye kupiga muziki. Machi 2014, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Apple ilionyesha CarPlay. Google ikatangaza Android Auto Juni mwaka huohuo. Wazo ni moja: gari linaazimisha skrini na spika tu, akili yote inabaki kwenye simu yako, na bando ni lako. Toyota ilisitasita hadi 2018 ndipo ikakubali CarPlay. Mwanzoni ilikuwa lazima waya. Waya ukaanza kuondoka na BMW mwishoni mwa 2016, na kwa upande wa Android mambo yakafunguka kweli kuanzia toleo la 11 mwaka 2020. Kwa magari yenye waya tu, mwaka 2022 kikauzwa kidude cha kuchomeka kinachoitwa MA1, na jina lililobandikwa juu yake, kwa leseni, ni lilelile la Galvin: Motorola.

Kutokuwa na waya kuna usumbufu wake, na watu wengi wanahangaika kwa sababu wanadhani ni muunganiko mmoja. Ni miwili. Bluetooth ni mshenga: inatambulisha simu kwa gari na kupeleka nenosiri la waifai ya gari. Kisha inasogea pembeni, na waifai, mara nyingi ya gigahezi 5, ndiyo inayobeba picha na sauti, maana Bluetooth haina kifua cha kubeba mzigo huo. Ndiyo maana unaweza kupokea simu kupitia spika za gari huku skrini ikigoma kuonyesha ramani. Mshenga amefika, bwana harusi hayupo.

Sababu za bwana harusi kutofika zinajulikana. Gari limeegeshwa uani na simu bado imeng'ang'ania waifai ya nyumbani. VPN imewashwa na inapotosha njia. Hotspoti ya simu iko wazi. Mfumo wa kubana betri umeilaza programu yenyewe. Au gari lilinunuliwa likiwa na majina ya simu za watu sita waliolimiliki au kuliosha, na kumbukumbu imejaa. Dawa ya kwanza ni kusahau pande zote mbili, kufuta gari kwenye simu na kufuta simu kwenye gari, kisha kuanza upya. Ukifuta upande mmoja tu, mwingine unabaki na ufunguo wa kufuli lililokwisha badilishwa. Kama bado, chomeka waya wa USB. Hakikisha ni waya unaopitisha data, kwa maana nyingi zinazouzwa barabarani hupitisha chaji peke yake. Na simu ikiwa imebanwa kwenye stendi juu ya dashibodi saa saba mchana, Februari, Dar es Salaam, usiilaumu programu. Simu imepata homa.

Wenye viwanda hawakufurahi kuona dashibodi ikigeuka kioo cha watu wa California. BMW ilijaribu kutoza dola 80 kwa mwaka kwa ajili ya CarPlay, ambayo haikuigharimu bando lolote, ikasalimu amri Desemba 2019. Mwaka 2022 ikauza joto la viti kwa malipo ya mwezi katika baadhi ya nchi. Waya wa kupasha joto ulikuwa tayari ndani ya kiti, mteja alilipia ruhusa. Mwaka uliofuata ikaachana nalo. Toyota nayo, mwishoni mwa 2021, ilikutwa na aibu Marekani ilipobainika kwamba kuwasha injini kwa kitufe cha rimoti, umbali wa hatua chache, kungekoma kwenye baadhi ya magari usajili wa kulipia ukiisha. Kwetu tunalielewa hili kwa mfano wa king'amuzi: umenunua, kiko sebuleni kwako, lakini ni cha nani mwezi usipolipia?

General Motors ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba magari yake mapya ya umeme hayatakuwa na CarPlay wala Android Auto; dereva atumie mfumo wa nyumbani kwao. Kampuni ilisema ni kwa ajili ya ubora. Mimi nasoma sababu nyingine, na sihitaji kubahatisha sana: Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilizishutumu General Motors na OnStar kwa kukusanya na kuuza habari za mahali madereva walipo na namna wanavyoendesha bila ridhaa ya kweli, na makubaliano yaliyofuata yakawazuia kwa miaka 5 kuzipeleka kwa mawakala wa taarifa za wateja. Kumbe anayemiliki skrini hapokei malipo ya mwezi tu.

Vita hivyo vinatufikia vikiwa vimepoa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye zaidi ya miaka 8, lakini hata linaloshuka melini ndani ya kikomo hicho mara nyingi linabeba laini ya simu ya Kijapani isiyo na wa kuilipia na skrini inayodai kadi ya ramani mara tu betri inapochomolewa na kurudishwa. Barabara ya Kirinyaga Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, fundi hapotezi muda kuibembeleza. Anaing'oa skrini nzima, anaweka redio ya Android kutoka China, anaiwekea laini au anaipa hotspoti ya simu, na ekspanda inatupwa kwenye kopo la skrubu.

Lakini kidude cha ETC mara nyingi hubaki, kwa kuwa hakuna aliyeomba kiondolewe. Japani imekwisha kutangaza kwamba kufikia mwaka 2030 hivi kanuni za usalama za mfumo huo zitabadilishwa, na vifaa vya zamani havitatambuliwa tena na mageti. Huko vitakuwa vimekufa rasmi. Huku havitegemei geti wala mnara wala mtu wa kulipia, vinategemea betri ya gari tu. Asubuhi ya siku mageti yatakapovikataa, dereva wa Tandika, Dar es Salaam, atawasha IST yake, na yule mwanamke, kwa adabu ileile, atamwomba kadi.