Mikataba ya Mkoloni na Miaka Miwili ya Tanganyika

Mkataba wa kimataifa ni makubaliano ambayo dola huyafunga kwa hiari yake, na kwa kuwa nguvu yake yote imesimama juu ya hiari hiyo, wanasheria wamehangaika kwa muda mrefu na swali la nani anayefungwa na mkataba pale mtawala mmoja anapoondoka na mwingine akashika nchi ileile, yenye watu walewale, mito ileile na madeni yaleyale. Sehemu hii ya sheria huitwa urithi wa dola, na hadi katikati ya karne ya 20 ilikuwa na majibu mawili yaliyopingana. La kwanza lilishikilia kwamba dola mpya hurithi haki na wajibu wote wa mtangulizi wake. La pili, ambalo ni fundisho la kuanza upya, lilishikilia kwamba dola mpya haiwezi kudaiwa ahadi ambayo haikuitoa yenyewe.

Uingereza, ilipokuwa ikiyaachia makoloni yake, ilipendelea jibu la kwanza. Desturi yake ilikuwa kubadilishana barua na serikali mpya, ambayo kwa barua hizo ilikubali kubeba wajibu wote uliotokana na mikataba iliyofungwa kwa niaba ya koloni, na Ghana iliyopata uhuru mwaka 1957 pamoja na Nigeria iliyoupata mwaka 1960 zilifuata njia hiyo. Kwa nchi changa isiyokuwa na wanasheria wa kutosha wala orodha kamili ya mikataba yenyewe, kutia saini namna hiyo kulikuwa kukubali mzigo ambao bado haujafunguliwa.

Tanganyika ilikataa. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alilieleza Bunge msimamo wa serikali yake, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo msimamo huo ukapelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa tamko rasmi. Tamko lilisema kwamba mikataba ya nchi mbili, yaani ile iliyofungwa kati ya Uingereza na dola nyingine moja moja kwa ajili ya Tanganyika, ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tangu siku ya uhuru kwa sharti la kutendeana sawa, isipokuwa kama pande zote mbili zingekubaliana kuubadilisha au kuufuta mkataba fulani kabla ya muda huo. Miaka hiyo ikishaisha, mkataba wowote usioweza kuendelea kwa nguvu ya kanuni za sheria ya kimataifa ya kimila, ambayo ni ile inayotokana na mwenendo wa muda mrefu wa mataifa yanayoamini kwamba yanawajibika kuufuata, ungehesabiwa kuwa umekoma. Mikataba ya nchi nyingi ingechunguzwa mmoja baada ya mwingine.

Ubora wa hoja hii ulikuwa katika muda uliouomba. Haikuyakubali yote wala kuyakataa yote, bali ililinda haki ya taifa jipya ya kusoma kabla ya kuahidi, huku ikiwapa wenzake nafasi ya kuja mezani kwa mazungumzo. Na kwa sababu hiyo yastahili kuhesabiwa miongoni mwa michango mikubwa ya Afrika katika sheria ya kimataifa. Uganda ilitoa tamko la aina hiyo mwaka 1963, Kenya na Malawi mwaka 1964, na Botswana mwaka 1966, kila moja kwa tofauti zake za muda na maneno, na wanasheria wa dunia wakauita msimamo huo Fundisho la Nyerere.

Mtihani wa kwanza ulihusu bandari. Kwa makubaliano ya mwaka 1921, Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo ya bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka na kwa muda usio na kikomo, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite kwa reli ya kati bila kutozwa ushuru wa forodha. Hapa Tanganyika ilikwenda ndani zaidi ya fundisho lake: Uingereza haikuwa na milki juu ya nchi hiyo, kwani iliitawala kwanza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kisha ya Umoja wa Mataifa, na mdhamini ambaye mamlaka yake yana mwisho hawezi kutoa ardhi ya anayemdhamini kwa muda usio na mwisho.

Mtihani wa pili, ambao ni mzito kuliko wote, ulikuwa maji ya Mto Nile. Barua zilizobadilishwa kati ya Misri na Uingereza tarehe 7 Mei 1929 zilizuia kujengwa, bila ridhaa ya Misri, kwa kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme katika Nile, matawi yake na maziwa yanayoulisha, ndani ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, endapo kazi hiyo ingepunguza maji yanayofika Misri au kuyachelewesha. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Misri ikajibu mwaka 1963 kwamba yangali halali hadi yatakapofungwa mengine.

Jibu la Misri lilikuwa na msingi wake, nao unaonyesha mpaka wa fundisho lenyewe. Zipo ahadi ambazo sheria huziona zimeshikamana na ardhi kuliko na mtawala, na mfano ulio wazi ni mipaka ya nchi. Nyerere mwenyewe aliliunga mkono kwa nguvu azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Julai 1964, lililopitishwa Cairo, la kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1978 kuhusu urithi wa dola katika mikataba, ulioanza kutumika mwaka 1996, ulizipokea pande zote mbili za fikra hii: kifungu cha 16 kinaliweka huru taifa jipya na mikataba ya mtangulizi wake, ilhali vifungu vya 11 na 12 vinaiacha mipaka na haki zilizofungamana na ardhi bila kuguswa. Kama maji ya mto ni haki ya aina hiyo, au ni ahadi tu kati ya serikali mbili, ndilo suala ambalo Cairo na Dar es Salaam hazijawahi kulijibu kwa kauli moja.

Kwa vitendo, hata hivyo, Tanzania, mrithi wa Tanganyika, ilishikilia msimamo wake: katika miaka ya 2000 iliyavuta maji ya Ziwa Victoria, mojawapo ya maziwa yanayoulisha Nile, hadi Shinyanga na Kahama. Mwaka 2010, pamoja na Ethiopia, Rwanda na Uganda, ilitia saini huko Entebbe mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 bila Misri na Sudan kuukubali.