Majaribio ya awali ya kingamwili dhidi ya bakteria

Majaribio ya awali ya kingamwili dhidi ya bakteria ni hatua ya kwanza ya kumpa binadamu dawa ya kingamwili iliyokusudiwa kutibu au kuzuia ugonjwa wa bakteria, kama vile pepopunda, dondakoo au kimeta. Hatua hiyo, iitwayo awamu ya kwanza, haiulizi kama dawa inaponya. Inauliza kama inadhuru, kwa kipimo gani, na inakaa mwilini kwa muda gani.

Historia

Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu, yaani sehemu ya damu yenye kingamwili, ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda humkinga mnyama mwingine. Kwa kazi yake juu ya seramu, Behring alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa. Kitasato, mtafiti hodari sawa naye, hakupewa.

Seramu zilitolewa kwenye damu ya farasi na kupelekwa hospitalini bila awamu za majaribio zinazojulikana leo, hivyo madhara yake yaligunduliwa kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1901, mjini St. Louis, Marekani, watoto 13 walikufa baada ya kudungwa seramu ya dondakoo ya farasi aliyeitwa Jim, ambaye alikuwa ameugua pepopunda. Sheria ya kudhibiti bidhaa hizo ilitungwa mwaka uliofuata. Mwaka 1905 Clemens von Pirquet na Béla Schick walieleza ugonjwa wa seramu, yaani homa, vipele na maumivu ya viungo yanayotokea mwili unapopambana na protini za farasi.

Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja maabarani. Farasi hakuwa wa lazima tena, lakini hatari haikuisha. Centoxin, kingamwili iliyolenga sumu ya bakteria kwa wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu, ilikuwa tayari sokoni katika nchi kadhaa za Ulaya ilipoondolewa mwaka 1993, baada ya vifo kuonekana kuongezeka katika jaribio lililokuwa likiendelea.

Utaratibu

Washiriki huwa watu wazima wenye afya njema, waliotoa ridhaa kwa maandishi. Kipimo cha kwanza huwa kidogo sana, kisha hupandishwa kundi kwa kundi. Baadhi ya washiriki hupewa dripu isiyo na dawa ili kulinganisha.

Machi 2006, jijini London, wanaume sita walipewa TGN1412, kingamwili isiyohusu bakteria, wakipishana kwa dakika chache tu. Wote sita waliugua vibaya, ingawa hakuna aliyekufa. Tangu hapo mshiriki wa kwanza hutangulia peke yake na kuangaliwa kabla ya wenzake kuanza.

Mifano

Raksibakumabu, dawa ya kimeta iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ilithibitishwa uwezo wake kwa sungura na nyani, kwa kuwa ni mwiko kumwambukiza mtu kimeta kwa makusudi. Usalama wake ulipimwa kwa watu wenye afya zaidi ya 300. Suvratoksumabu, ya kuzuia sumu ya bakteria wa stafilokoka, ilijaribiwa kwanza kwa watu wazima 33. Ilichukua siku 80 hadi 112 kwa nusu ya dawa kuondoka kwenye damu.

Tanzania

Utafiti wa tiba kwa binadamu hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na majaribio ya dawa hudhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo kina uzoefu wa kupigiwa mfano katika majaribio ya awali, hasa ya chanjo za malaria.

Singida

Mkoa huu wa Tanzania una wafugaji wengi, nao kimeta ni ugonjwa wa mifugo unaoweza kumpata binadamu. Jirani yake, katika Hospitali ya Kilutheri Haydom mkoani Manyara, azithromaisini, ambayo ni antibayotiki na si kingamwili, ilijaribiwa kwa watoto wachanga dhidi ya bakteria wa tumboni ili kuboresha ukuaji wao. Haikuongeza kimo chao.

Umuhimu wa sasa

Usugu wa bakteria kwa antibayotiki umeamsha upya hamu ya kingamwili, ingawa bei yake bado ni kubwa.