Ozoni ya Pumzini, Si ya Ardhini

Maji ya ardhini huchimbwa, na madini ya ardhini huchimbwa. Mswahili akisikia "ozoni ya ardhini" atauliza imefukiwa wapi. Hata hivyo, ndiyo istilahi tuliyoletewa na kamati moja kuitaja gesi iliyo hewani, mbele ya pua zetu. Waliojaribu kuirekebisha wakatupa "ozoni ya kiwango cha chini", ambayo kwa msomaji yeyote ni ozoni kidogo, isiyo na madhara. Mgonjwa wa pumu akiambiwa kiwango cha chini kimepanda, ashike lipi?

Nilipendekeza "ozoni ya pumzini". Nikajibiwa kuwa neno hilo ni la washairi, halifai sayansi. Jibu hilo limeniudhi mpaka leo, kwa sababu waliolitoa hawakutazama mzizi. Pumua, pumzi, pumzika na pumu ni ndugu wa tumbo moja. Anayesema pumzini amekwisha kutaja njia ambayo gesi hupita na maradhi ambayo huyachochea. Na kiambishi -ni si pambo la ushairi: tunasema moyoni, mbioni, safarini, na hakuna daktari aliyewahi kulalamika.

Hata jina la gesi yenyewe lilizaliwa puani. Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel, alilitunga mwaka 1840 kutokana na kitenzi cha Kiyunani ozein, kutoa harufu, baada ya kunusa kitu kikali palipopita umeme katika majaribio yake. Kiswahili kingemtaka achague kati ya kunuka na kunukia. Nadhani angechagua kunuka. Kwa hiyo kuirudisha gesi hii kwenye pumzi ni kuirudisha kwao.

Wengine hupenda "ozoni mbaya". Siikubali. Ya juu na ya chini ni molekuli ile ile ya atomi tatu za oksijeni. Ile ya juu, katika stratosfia, hutukinga na mionzi ya urujuanimno, hii tunaivuta. Kinachozitenga ni mahali, na mahali ndipo panapostahili kutajwa.

Los Angeles walijifunza hayo kwa machozi. Mwaka 1943 mji ulifunikwa na ukungu uliowasha macho. Miaka iliyofuata Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba jua likipiga moshi wa magari na mvuke wa viwanda vya mafuta, ozoni huzaliwa hapo hapo hewani. Haitoki kwenye bomba lolote ikiwa tayari. Kipimo cha siku hizo kilikuwa kipande cha mpira: ukikikunja na kukiacha nje, hufanya nyufa, na kadiri ozoni ilivyo nyingi ndivyo nyufa zinavyowahi. Gesi inayopasua mpira ndiyo inayoingia kifuani. Na kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji, unyevu wa pua na koo hauizuii yote. Hufika kwenye vijia vyembamba vya mapafu, ikachoma utando wake na kuuvimbisha. Hapo ndipo kikohozi, kifua kubana, maumivu ukivuta pumzi kwa nguvu, na pumu kuamka. Mtoto anayecheza kandanda alasiri, jua likiwa limekwisha fanya kazi yake, huivuta nyingi kuliko aliyekaa ndani.

Je, "ardhini" inasema lipi kati ya hayo? Hakuna. Nimewasikia wajumbe wakijitetea kwamba wamefuata asili ya kigeni neno kwa neno. Hiyo si kazi ya istilahi. Kunakili kila mtu anaweza.

Matumizi ni mepesi: "Ozoni ya pumzini imepita mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 8." Hicho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2021. Ngeli ni ya i-/zi-, na ile ya juu ibaki "tabaka la ozoni" kama ilivyozoeleka.