Watu Hewa wa Mtandaoni

Mary Rosh alikuwa mtetezi hodari. Kwa miaka kadhaa alimpigania mtandaoni mwanauchumi wa Marekani, John Lott, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1998 kinachodai kwamba bunduki zikienea mikononi mwa raia uhalifu hupungua. Rosh alijitambulisha kuwa mwanafunzi wake wa zamani na akasema hajapata kufundishwa na profesa bora kuliko huyo. Kila mkosoaji alipoinua kichwa, Rosh alikuwapo kumjibu. Januari 2003 mwandishi Julian Sanchez alilinganisha anwani ya IP ya Rosh, ile namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, na anwani iliyokuwa katika baruapepe aliyotumiwa na Lott mwenyewe. Zilikuwa sawa. Lott akakiri. Mary Rosh hakuwahi kuketi darasani mwake wala mwa mwalimu mwingine yeyote: jina lake lilifumwa kwa herufi mbilimbili za mwanzo wa majina ya wana wanne wa Lott.

Kwa Kiingereza kiumbe wa namna hii huitwa "sock puppet", yaani mwanasesere wa soksi. Mtu huvaa soksi mkononi, huishonea vifungo viwili viwe macho, kisha huichezesha kwa vidole kana kwamba inasema. Jina hilo lilianza kutumiwa mtandaoni katika miaka ya 1990, lakini tabia yenyewe ni kongwe. Mwaka 1817 mwandishi Walter Scott alishiriki kuandika uhakiki wa vitabu vyake mwenyewe bila kutaja jina. Mwaka 1855 mshairi Walt Whitman alitoa diwani yake ya kwanza, kisha akaandika magazetini tahakiki za kuisifu, nazo hazikuwa na jina lake.

Kwa Kiswahili wengi husema "akaunti feki", au kwa lugha ya magazeti, "akaunti bandia". Maneno hayo yanaeleweka kila mahali, ila yanabeba mizigo mingi mno kwa pamoja. Tapeli anayetumia picha ya waziri kuomba fedha ana akaunti feki. Programu inayosambaza ujumbe mmoja mara elfu nayo huitwa akaunti feki. Muuguzi anayeficha jina ili aeleze wizi wa dawa hospitalini, naye wapo watakaosema ana akaunti feki. Neno linalowaweka watatu hawa kapu moja na Mary Rosh haliwezi kumsaidia mhariri, hakimu wala msomaji.

Maneno jirani nayo hayatoshi. "Kibaraka" lina kazi yake ya zamani katika siasa: ni mtu halisi anayetumikia maslahi ya bwana wa nje. "Chawa", kama Watanzania wanavyolitumia siku hizi, pia ni mtu halisi. Anamsifu tajiri au mwanasiasa ili apate riziki, na mara nyingi hufanya hivyo kwa sura na jina lake, mchana kweupe. "Kikaragosi cha soksi" ni tafsiri ya neno kwa neno inayomlazimu msomaji kwanza afundishwe mchezo wa watoto wa Ulaya ndipo aelewe kosa.

Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, nalo limeshapikwa na kuiva: hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipotangaza kuondoa zaidi ya wafanyakazi hewa 10,000 katika orodha ya mishahara, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mfanyakazi hewa ana jina, ana namba, ana mshahara, ila hana mwili. Kinachouma katika udanganyifu huo ni kwamba amehesabiwa, na fedha inayotoka kwa ajili yake inaingia mfukoni mwa mtu mwingine ambaye yupo.

Ndivyo alivyokuwa Mary Rosh. Alihesabiwa kuwa sauti ya pili, na faida ikaenda kwa mwenye sauti ya kwanza. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni "mtu hewa", na maana yake inaweza kuwekwa hivi: mhusika wa kubuni anayeendeshwa na mtu ambaye tayari ana nafasi au maslahi katika mjadala huohuo, ili mmoja ahesabiwe kuwa wengi. Anayemwendesha aitwe mwendeshaji, na tendo lake liitwe kujizidisha. Istilahi hii inazaa kwa urahisi: mhakiki hewa, mteja hewa, msomaji hewa, mlalamikaji hewa.

Mhakiki hewa aliyetikisa sana vyuo vya Uingereza alionekana kwenye duka la mtandaoni la Amazon mwaka 2010. Aliandika kwa majina ya "Historian" na "orlando-birkbeck". Alivishambulia vitabu vya wanahistoria wawili wanaoandika kuhusu Urusi, Rachel Polonsky na Robert Service, na akakipaka sifa kitabu cha mwanahistoria wa tatu, Orlando Figes. Figes alikuwa profesa katika chuo cha Birkbeck, London. Waliomshuku alianza kuwatishia mahakama. Baadaye wakili wake akatangaza kwamba mwandishi wa tahakiki hizo ni mke wa Figes. Mwezi huohuo wa Aprili Figes akakubali kwamba kazi ilikuwa yake, na hatimaye akakubali kuwalipa fidia wenzake wawili. Jina la "orlando-birkbeck" lilikuwa ushahidi uliokaa wazi tangu siku ya kwanza. Waendeshaji wengine hunaswa hivyo, kwa sababu mtu hubuni jina kwa kuchota yaliyo karibu na moyo wake. John Mackey, aliyekuwa mkuu wa maduka ya Whole Foods, kwa miaka kadhaa aliisifu kampuni yake na kuiponda kampuni shindani ya Wild Oats kwa jina la "Rahodeb", ambalo ni herufi za jina Deborah, la mke wake, zilizopangwa upya. Jambo hilo lilijulikana Julai 2007, Whole Foods ilipokuwa mahakamani ikitetea mpango wake wa kuinunua Wild Oats.

Jina lisipomtoa mwendeshaji, mwandiko humtoa. Mwaka 2013 gazeti la Sunday Times liliposhuku kwamba Robert Galbraith, mwandishi mpya wa riwaya za upelelezi, ni mwandishi maarufu J. K. Rowling, wataalamu waliombwa kulinganisha maandishi. Mmoja wao, Patrick Juola, aliipa kompyuta kazi ya kupima urefu wa maneno, maneno yanayorudiwa mara nyingi, jozi za maneno yanayofuatana na mafungu ya herufi nnenne. Majibu yalimwelekea Rowling, naye akakubali. Kipimo cha aina hiyo kinaweza kufanywa kwa Kiswahili pia. Anayeandika "awezi" badala ya "hawezi", anayeunganisha "kwahiyo", anayeweka nafasi kabla ya alama ya mshangao, huhama na mazoea yake kutoka jina moja hadi jingine bila kujua.

Hata hivyo Galbraith hakuwa mtu hewa. Rowling hakumtumia kujisifu wala kumpiga mshindani, bali alitaka riwaya isomwe bila mzigo wa umaarufu wake. Hiyo ni lakabu, na Waswahili wanaijua vizuri. Washairi wa magazetini walitia lakabu kwenye tungo zao, na msomaji aliyemjua mshairi Akilimali kwa jina la Snow-White hakuona kwamba ametapeliwa. Mshairi mmoja alihesabiwa kuwa mshairi mmoja.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Afrika Mashariki. Desemba 2021 kampuni ya Twitter ilitangaza kuwa imeondoa mtandao wa akaunti 268 zilizokuwa zikipeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa Fichua Tanzania, kundi la kutetea haki za binadamu, pamoja na mwasisi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi hila ilivyofanyika: maneno au picha ya mwanaharakati ilinakiliwa, ikawekwa kwenye tovuti na kupewa tarehe ya nyuma, kisha mlalamikaji akadai kwamba mwanaharakati ndiye mwizi wa hakimiliki. Hapo walalamikaji hewa walitumiwa kuwaziba midomo watu halisi.

Lakini nia ya kuwafichua watu hewa inaweza kugeuzwa kisingizio cha kuwasaka wenye lakabu. Maxence Melo, mmoja wa waasisi wa mtandao wa mijadala wa Jamii Forums nchini Tanzania, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa mtandao huo. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika moja ya kesi zilizomkabili na kumhukumu faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Waliolindwa na msimamo wake walikuwa watu walioficha majina.

Kwa hiyo anayetaka kumwumbua mwandishi asiyejulikana anapaswa kwanza kuuliza kama mtu huyo amejizidisha, yaani kama kuna sauti mbili zenye mwendeshaji mmoja na mtu wa tatu aliyedanganywa kwa hesabu hiyo. Sanchez alikuwa na anwani mbili za kulinganisha, na waliomshuku Figes walikuwa na majina mawili na sifa zilizoelekea upande mmoja tu. Pasipo ushahidi wa namna hiyo, mhariri aandike "mwenye lakabu" na kuacha jina lake la kweli lilipo. Ushahidi ukiwapo, aandike "mtu hewa" bila kusita, na amtaje mwendeshaji aliyefaidika naye.